Naomba ushauri: msimamizi mpya wa miradi aanze na kitabu gani?

Mleta mada, Moshi
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi sanifu wa maji, na tangu mwaka jana shirika ninalofanyia kazi limenikabidhi usimamizi wa mradi wa kufikisha maji katika vitongoji vitatu vya mlimani. Mabomba na matenki nayafahamu vyema. Kinachonielemea ni ratiba, bajeti, mkandarasi, mfadhili na wanakijiji. Tulipanga kumaliza kabla ya masika, lakini mvua zikatukuta mitaro ikiwa wazi, nami nikalazimika kumwandikia mfadhili kuomba miezi minne zaidi bila kuweza kumweleza sawasawa tulikosea wapi. Sina nafasi ya kurudi darasani kwa sasa, ila kila usiku ninayo saa moja ya kusoma. Naomba mnitajie kitabu cha kuanzia, na sababu ya kukichagua.

Mdau wa Njiro, Arusha
Pole sana kwa masika, ndugu yangu. Wengi watakuelekeza kwenye PMBOK, mwongozo wa usimamizi wa miradi unaotolewa na PMI, taasisi ya Marekani ya wasimamizi wa miradi. Ni mwongozo wa kuheshimiwa, lakini mimi nilianza nao na nikajuta, kwa sababu toleo la sita la mwaka 2017 lina michakato 49, na msomaji ambaye bado hana maswali yake mwenyewe huishia kuikariri. Toleo la saba la mwaka 2021 limejengwa juu ya kanuni 12 na linasomeka kwa urahisi zaidi, ila nalo lisubiri.

Anza na How Big Things Get Done cha Bent Flyvbjerg na Dan Gardner, kilichotoka mwaka 2023. Flyvbjerg, msomi wa Denmark, amekusanya takwimu za miradi zaidi ya 16,000, na kati ya hiyo ni asilimia 8.5 tu iliyomalizika ndani ya gharama na muda uliopangwa. Iliyotimiza hayo mawili na kuleta pia manufaa yaliyoahidiwa ni asilimia 0.5. Mfano wake mmojawapo ni jumba la opera la Sydney, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1959 michoro ikiwa haijakamilika, kwa makadirio ya dola milioni 7 za Australia, likafunguliwa mwaka 1973 likiwa limegharimu milioni 102. Kitabu kinasisitiza kwamba upangaji uchukue muda wa kutosha, ili utekelezaji uwe mfupi na usiache mlango wazi kwa mabaya kuingia.

Sura itakayokufaa zaidi ni ile inayokutaka usijiulize mradi wako utachukua siku ngapi, bali miradi inayofanana nao ilichukua siku ngapi. Tafuta taarifa za kumalizia za miradi ya maji ya mteremko iliyotekelezwa huko kwenu, kisha linganisha siku zilizopangwa na zilizotumika.

Mdau wa Sakina, Arusha
Naongeza The Mythical Man-Month cha Frederick Brooks, cha mwaka 1975. Brooks alisimamia utengenezaji wa programu endeshi ya kompyuta za IBM System/360, na alionya kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Kuchimba mitaro hugawanyika, hivyo hapo vibarua zaidi watakusaidia. Kazi zinazotaka watu waelewane na kufundishana ndizo zenye hatari hiyo.

Mdau wa Marangu
Mwanangu, vitabu hivyo ni vizuri, lakini maji ya kijiji hayasimamiwi kwa ratiba peke yake. Mimi ningekupa kwanza Rural Development: Putting the Last First cha Robert Chambers, cha mwaka 1983. Anaeleza jinsi wataalamu wanavyofika vijijini wakati wa kiangazi, wakipita njia zinazopitika kwa gari na kuzungumza na viongozi, kisha wakadhani wamekiona kijiji. Baada ya kukisoma, nenda kwa wazee wanaotunza mifereji yetu ya asili, uwaulize ni miezi gani udongo wa kila mteremko huporomoka. Hilo hutalipata katika mwongozo wowote.

Mleta mada, Moshi
Shikamoo mzee wangu, na asanteni nyote. Maneno ya kiangazi yamenigusa, maana tathmini yetu ilifanyika kwa siku mbili za mwezi wa Januari, tukiwa na gari, na mwenyeji wetu alikuwa mwenyekiti wa kitongoji peke yake. Nitaanza na Chambers, nifuatishe Flyvbjerg.

Mdau wa Marangu
Marahaba. Kabla ya kuagiza, ulizia kwanza maktaba ya Chuo Kikuu cha Ushirika hapo Moshi.

Mleta mada, Moshi
Nitapita Jumatatu. Jumamosi hii ninapanda kwa wazee wa mfereji nikiwa na ratiba yetu mpya mkononi, ili waikosoe kabla sijaituma kwa mfadhili.