Muhogo wangu unaoza ardhini, nikipanda mbegu zake badala ya pingili nitapona?

Mkulima_Pwani
Wakuu, habari za jioni. Nina ekari moja na nusu ya muhogo huku Mkuranga. Pingili alinipa jirani, zikashika vizuri, majani mabichi mpaka wapita njia wananisifia. Nimeanza kuvuna wiki hii: ukiukata muhogo, ndani una madoa ya kahawia makavu kama kizibo. Karibu nusu ya shamba! Sasa nimeona baadhi ya miti ina vitunda, vikikauka vinapasuka na kutoa mbegu zinazofanana na za mnyonyo. Nikipanda hizo si nitakuwa nimeanza upya bila ugonjwa? Naombeni ushauri kabla ya vuli.

Bin_Jembe
Pole sana mkuu. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoletwa na virusi. Tazama majani ya chini yaliyokomaa, utakuta unjano umefuata mishipa. Wengi tunaangalia majani ya kileleni tu, ndipo tunapodanganyika.

Ticha_Mstaafu
Pingili si mtoto wa muhogo wa jirani. Ni muhogo wenyewe wa jirani, umehamia kwako. Hapo hakuna baba. Jicho limechipua kutoka mwili uleule, na vinasaba vilevile, na utamu uleule, na virusi vilivyokuwa ndani ya shina navyo vikaja. Huo ndio uzazi usio wa kijinsia. Ukibahatisha shina tamu, shamba zima tamu. Ukibahatisha gonjwa, ndiyo hayo.

Mbegu ya kwenye kitunda ni habari nyingine. Muhogo una maua jike na dume kwenye kikonyo kimoja, ila jike hutangulia kufunguka, dume hufuata baadaye, kwa hiyo mara nyingi nyuki huwa ameleta chavua ya mti mwingine. Muhogo una kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 36. Mbegu inapata 18 kwa mama na 18 kwa baba, zimechanganywa kama karata. Virusi hivi kwa kawaida havipiti kwenye mbegu, hapo umepatia. Tatizo ni kwamba mbegu 100 ni miti 100 tofauti. Mmoja mtamu, wa pili mchungu wa kukulaza wodini, wa tatu mizizi kama vidole vya mtoto.

Kisamvu_na_Nazi
Kwa hiyo shamba la jamaa na la jirani yake ni mti mmoja? Jirani asije akadai mavuno 😂

Mama_Ugani
Msizidharau mbegu lakini. Kule Amani, Usambara, tangu miaka ya 1930 watafiti waliuchavusha muhogo na mti wa mpira wa Ceará (Manihot glaziovii, si ule mpira wa mashambani), ndugu yake wa porini, ili watoto warithi ukinzani dhidi ya virusi. Inabidi uoteshe miche mingi mno, uitupe karibu yote, ubaki na michache. Na ukishampata huyo mmoja bora, unarudi kwenye pingili, maana mbegu zake zingemvuruga tena! Hiyo ni kazi ya miaka, mkuu, si ya mtu anayetaka kula mwakani.

Wewe ng'oa yote, choma mashina, na masalia yakichipua yang'oe pia. Usimgawie mtu hata pingili moja. Kisha nenda TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kituo cha Kibaha ukaulizie pingili safi za aina inayovumilia, kama Kiroba. Kwa nafasi ya mita moja kwa moja, ekari inameza kama 4,000, kwa hiyo agiza mapema. Ukiweza, panda mbali na shamba la jirani, kwa sababu inzi weupe wanabeba virusi hivyo kutoka mti hadi mti.

Bin_Jembe
Na ile mizima wahi kuivuna. Ukiiacha ardhini, kuoza kunaongezeka.

Mkulima_Pwani
Nimewaelewa wakuu, asanteni. Nimempigia jirani: kumbe na yake imeoza, alikuwa anaona aibu kusema. Naye alipewa na shemeji yake wa Rufiji. Kesho tunang'oa pamoja. Ila mbegu tano nitazifukia nyuma ya jiko, nione baba yao alikuwa nani.