Ramani ya nyumba kiwanja 20 kwa 25 Kibaha: naombeni macho yenu kabla fundi hajachimba msingi

BabaWatatu

Wakuu habari za mchana. Naomba mnisaidie maana mimi na mke wangu tumeikodolea hii ramani mpaka hatuoni kitu tena. Kiwanja kipo Kibaha, mita 20 kwa 25, barabara iko magharibi, yaani nyumba ikitazama barabara inakula jua la jioni usoni. Udongo kichanga, mteremko kidogo sana unaelekea barabarani.

Familia ni mimi, wife, watoto watatu (wa kike wawili, wa kiume mmoja) na mama yangu mzazi, ana miaka 71 magoti yanamsumbua, sasa hivi yuko kwa dada Tanga ila nyumba ikiezekwa tu anakuja kwetu.

Ramani nilinunua mtandaoni. 13 kwa 12, vyumba vinne kimoja masta, sebule, daining, jiko, stoo, choo cha pablik, kiveranda cha mbele. Muonekano ni kontempo ya paa la kuficha, yaani bati halionekani limefichwa nyuma ya ukuta, wife ndo kaipenda. Masta iko mbele kona ya kusini-magharibi, sebule nayo mbele, jiko nyuma mashariki, vyumba vya watoto na cha mama viko kule mwisho wa korido. Choo cha pablik mlango unatazamana na meza ya daining, nikamuuliza aliyechora akasema ndo wanavyochora wote.

Sasa kuna mambo yananisumbua. Wife anataka tuongeze chumba cha tano cha wageni na mimi naangalia mfuko. Halafu kuna mwembe mkubwa mbele upande wa kusini, mita kama nne toka barabarani, kiwanja nilikinunua kwa ajili yake kusema ukweli. Fundi anasema ung'olewe maana masta inaishia mita moja tu toka shinani. Jumamosi ya wiki ijayo anataka kuseti msingi. Semeni chochote, hata kunicheka ruksa.

Mzee wa Lenta

Kwanza hongera kwa kuuliza kabla ya msingi, wengi huku wanakuja kuuliza wakiwa wameshafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha.

Masta yako ni oveni. Huku kwetu tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la saa sita linakuwa karibu na utosi, kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini zinalindwa na paa likichomoza kidogo tu, basi. Kuta zinazoumia ni mashariki na magharibi, jua likiwa chini linaingia moja kwa moja dirishani na hakuna paa la kulizuia. Ukuta wa magharibi unapigwa kuanzia saa nane mpaka magharibi inaingia, tofali linameza ule moto halafu linakutapikia usiku saa nne wewe umelala. Utanunua AC na bado utalalamika luku.

Na upepo. Kusi inatoka kusini-mashariki, kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, yaani mwaka mzima karibu upepo unakuja kwa mgongo wa nyumba yako, kule nyuma alikokuwekea JIKO. Maana yake nini, kila kitunguu kinachokaangwa mtakivuta mpaka masta. Geuza ramani: vyumba vya kulala nyuma mashariki, jiko lije mbele kona ya kaskazini-magharibi, moshi utoke uende zake.

Halafu muulize aliyechora hivyo vipimo ni vya kati kwa kati ya ukuta au ni vya ndani. Chumba kikiandikwa 3 kwa 3 kati kwa kati, toa tofali la inchi 6, toa na plasta, ndani unabaki na kama 2.80. Weka kitanda cha sita kwa sita, hicho ni mita 1.83, weka kabati la sentimita 60. Umebaki na sentimita kama 37 za kupita. Utakuwa unatembea kama kaa.

Binti Pangani

Jiko mbele??? Mzee wa Lenta naona hujawahi kupika ukiwa umejifunga khanga kifuani huku mgeni anagonga geti 😂

Ila kwenye upepo yuko sahihi, nyumba yetu ya kwanza jiko lilikuwa upande wa upepo, ukikaanga dagaa nguo za kabatini zinanuka dagaa mpaka Ijumaa. Kaka BabaWatatu fanya hivi, jiko liwe hiyo kona lakini dirisha na mlango vifungukie pembeni kaskazini sio barabarani, na ule ukuta unaotazama barabara upe stoo. Anayepita anaona ukuta na kidirisha cha juu, hajui kama kuna jiko. Pale nje ya mlango wa jiko acha sehemu ya zege yenye kipaa, kama mita 2 kwa 3, kwa mkaa na kutwanga na kufulia, maana hata uwe na gesi ya mitungi mitatu maharage na makande yatapikiwa nje, tusidanganyane. Kiwanja cha 20 ukitoa nyumba ya 13 unabaki na mita 3.5 kila upande, inatosha.

Choo kutazamana na daining, hapana kwa kweli. Siku ya Idi au Krismasi watu 20 wamekaa wanakula, mtu anatoka mle anafuta mikono wote mnamtazama. Mlango ugeuzwe utokee kwenye korido.

Na mama asiwekwe mwisho wa korido jamani. Mtu wa magoti mabovu usiku anaamka mara mbili mara tatu. Chumba chake kiwe cha kwanza ukitoka sebuleni, ubavuni mwa choo, hata akikaa kitandani anasikia watu wakiongea anajua yuko nyumbani sio lodge. Mlango wa chumba na wa choo uwe sentimita 90, na wa choo UFUNGUKIE NJE. Bibi yangu alianguka chooni akalalia mlango, ulikuwa unafungukia ndani, ilibidi wavunje. Na usiruhusu fundi aweke kile kingazi cha kushuka chooni, afanye mteremko wa sakafu tu.

mtu_wa_boma

mimi boma langu lina miaka sita halijapauliwa nimekuja kusoma tu. endeleeni

ila chumba cha wageni ACHA. nilijenga chumba cha wageni, mgeni wa kwanza kuingia alikuwa popo

Mzee wa Lenta

Binti Pangani nimekubali ya stoo. Ila stoo ukutani magharibi ina joto, mchele na mahindi yatashika fukusi haraka. Weka choo cha pablik hapo ukutani, stoo iingie ndani kati ya jiko na korido.

Binti Pangani

Choo cha pablik kikienda mbele mama atakifikiaje usiku? Anavuka sebule nzima? Fukusi tutawapepeta, tumezoea.

Abuu Salma

Assalaam alaykum. Ndugu BabaWatatu, mimi niseme la vyoo kidogo, kama nyie ni Waislamu au hata mnapokea wageni Waislamu. Kwa Dar na Pwani kibla ni kaskazini karibu kabisa, Makka iko juu yetu moja kwa moja kwenye ramani, inachepuka mashariki kidogo mno. Kwa hiyo sinki la choo lisiwekwe mtu akikaa anaelekea kaskazini au anaipa mgongo, yaani kusini. Lilale mashariki-magharibi umemaliza. Ni kitu cha bure kwenye karatasi, ila jamvi, yaani zege la sakafu, likishamwagwa na bomba limelala humo ndani kugeuza ni kupasua sakafu, nimewaona watu wanakaa upande upande miaka na miaka.

La pili panga mabomba. Jiko, choo cha pablik na choo cha masta viwe kwenye mstari mmoja upande wa kaskazini, bomba moja linatoka linapitia chemba mpaka karo la maji taka. Nyumba yangu choo kimoja kaskazini kingine kusini, nina machemba saba, kila mvua kubwa naomba dua. Na karo liwe mbele karibu na geti, mteremko wako unaruhusu, maana siku likijaa gari la kunyonya maji taka haliwezi kupita pembeni mwa nyumba. Mwembe uko kusini, basi karo liende kona ya kaskazini mbali na mizizi.

Mlati wa Mombasa

Niko huku Mombasa, shida ni ile ile tu. Mumeacha nyumba za wazee mukafuata picha za simu. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida, hata Kariakoo yenu ilikuwa hivyo, baraza mbele, ukumbi umepita katikati, vyumba huku na huku, mwisho unatokea uwani, huko ndiko kwenye jiko na choo na kisima. Ukifungua mlango wa mbele na wa uwani hewa yapita moja kwa moja. Lamu wana daka, kile kibaraza cha mlangoni, na kiwanda, yaani ua wa ndani, mgeni anaishia dakani hajui kwako kukoje. Leo korido ni shimo la giza mchana kutwa taa yawaka, mwisho wake ni ukuta.

Wewe korido yako ina urefu gani? Ikiwa ni mita 7 kwa 1.20 hiyo ni 8.4 za mraba, karibu chumba kizima umekijengea kupita tu. Ifupishe, na mwisho wake mashariki weka mlango au dirisha kubwa. Na baraza iwe baraza, sio kirukio cha futi nne. Mita mbili na nusu upana, upande huo huo wa magharibi, ndiyo itakayoikinga sebule na jua, jioni mama akae hapo asalimiwe na wapitao.

dogo wa kenchi

mkuu niseme kuhusu paa la kuficha maana kazi yangu ni kupaua. linapendeza sana siku ya picha. tatizo bati linateremkia kwenye mfereji uliojificha nyuma ya ukuta, majani yakiziba, na wewe una MWEMBE, maji yanarudi ndani kwenye dari ya jipsamu. mwezi wa nne unaweka ndoo sebuleni. pia halina kivuli, kuta zako zote nne zinapigwa jua na mvua mpaka rangi inaota ukungu. paa la kawaida lichomoze sentimita 60 hadi 90 kote utaona tofauti

na hesabu ya maji, milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. nyumba ya 13 kwa 12 ni 156 za mraba, mvua ya milimita 20 tu inakupa lita 3,000 na ushee, hata zikipotea kidogo tanki la lita 2,000 linajaa na kumwagika. paa la kuficha kukinga hayo maji ni shughuli. muoneshe shemeji hii hesabu mimi sitaki ugomvi na shemeji

BabaWatatu

Wakuu nimesoma yote, nyingine nimesoma mara mbili. Niwape mrejesho.

Jumapili tulienda saiti mimi, wife na watoto, dada naye alikuwa amemleta mama. Tukachukua futi kamba na majivu tukaichora nyumba nzima chini, ukubwa wake halisi. Aisee karatasi inadanganya. Kile chumba cha watoto wa kike wamelala chini wote wawili wakasema na kabati tunaweka wapi. Wife akasimama kwenye "jiko" akanyoosha mikono, akageuka, akasema hapa friji ikifunguliwa mimi natoka nje. Hapo hapo chumba cha tano kikafa, zile mita zake tumezigawa kwenye jiko na vyumba vya watoto. Wageni watalala na watoto kama tulivyolala sisi.

Mpangilio mpya: masta kaskazini-mashariki, choo chake ukutani kaskazini, kikifuatiwa na choo cha pablik, halafu chumba cha mama, halafu jiko kona ya mbele na mlango wake pembeni. Stoo imekaa barabarani kama alivyosema dada Binti Pangani, samahani Mzee wa Lenta. Watoto upande wa kusini. Korido imebaki mita nne na nusu na mwisho ina mlango wa kutokea nyuma. Mama akatembea kutoka "kitandani" mpaka "chooni" na fimbo yake akihesabu, hatua sita, akasema hapo sawa.

Nyumba tumeisogeza nyuma, mbele imebaki mita 9 na nyuma 4, kwa hiyo shina la mwembe liko kama mita tano toka ukutani. Fundi bado ananuna anasema mizizi haina mita. Mama kamjibu yeye hajatoka Tanga kuja kukaa juani, na amemwambia nafasi ya kiti chake ni pale veranda inapotazama mwembe, kaweka na jiwe kabisa.

Paa la kuficha wife hajakubali moja kwa moja. Amesema ataangalia picha za paa la kawaida "lenye hadhi". Dogo wa kenchi kama unazo tuma.

Swali lililobaki, hiyo ramani mpya sasa inabidi ichorwe upya ndo nipeleke halmashauri kwa kibali, au naweza kupeleka ile ya zamani nikajenga hii?

Mzee wa Lenta

Usithubutu. Wakija kukagua wakute kingine na ulichopeleka, wanakupiga X nyekundu. Ichorwe upya na mtu mwenye sifa, agonge muhuri wake, mwambie aandike vipimo vya ndani ya chumba na achore na milango inavyofunguka. Na waulize kabisa halmashauri wanataka uache mita ngapi toka mpakani kila upande, hizo 4 za nyuma usizifurahie kabla hujaambiwa. Fundi wa Jumamosi asubiri.

dogo wa kenchi

picha nimetuma pm mkuu. ya tatu ndo shemeji ataipenda

mtu_wa_boma

na mimi nitumie