Kikundi cha Familia: Gari la Baba na Baridi ya Makete

[06:52] Dada Upendo: Habari za asubuhi nyote, na shikamoo kwa wakubwa. Land Cruiser la baba limekataa tena kuwaka. Stata inazungusha kwa nguvu na bomba linatoa moshi mweupe mwingi. Lilipokubali lilitetemeka huku sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikipanda na kushuka, mpaka injini ilipopata joto likatulia kabisa. Viazi vinatakiwa Njombe Jumamosi, kwa hiyo naomba leo isipite bila uamuzi.

[07:35] Dada Upendo: Naona watu 11 wamesoma na hakuna aliyejibu.

[08:05] Kaka Enock: Fundi wa huku kwetu anasema ni pampu ya dizeli, ishushwe ipelekwe Mbeya.

[08:14] Dada Upendo: Kaka Enock, tusiiguse pampu kabla ya kupima vitu vya bei ndogo. Moshi mweupe wakati wa baridi ni dizeli iliyofika kwenye silinda ikatoka bila kuungua. Kama isingefika kabisa, tusingeona moshi. Injini hii ya 1HZ hupuliza dizeli kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, na asubuhi za Julai huku kwetu chuma hicho hunyonya joto la hewa iliyogandamizwa, ndiyo maana kila silinda kati ya zile 6 ina hita plagi yake. Zikifa mbili au tatu, silinda nyingine zinawaka na hizo zinasubiri joto, na gari linatetemeka hivi hivi tunavyoliona.

[08:20] Baraka: Tulifunike kwa blanketi la Shangazi, kwa sababu hata mimi siwaki Makete kabla ya chai.

[08:21] Shemeji Tumaini: Baraka, wewe huwaki hata baada ya chai. 😂

[08:26] Dada Upendo: Baraka, mdogo wangu, wewe ndiye mwenye multimita. Fungua ule ukanda unaounganisha plagi zote, kisha pima kila moja peke yake hadi kwenye bodi ya injini. Nzima husoma takriban omu 1 au chini yake, na iliyokatika haisomi kitu. Kabla ya kununua, soma volti zilizoandikwa kwenye ya zamani, maana injini hizi zilifungwa plagi za volti tofauti, na ya volti ndogo ikipewa umeme mkubwa inaungua mara moja.

[09:10] Kaka Enock: Tukizungumzia umeme, tuanze na betri. Mpya ilitoka kwenye gari hilo ikaenda kupiga muziki kwenye harusi ya mtu, ikarudi nyingine, na hadi leo sijaelezwa.

[09:12] Baraka: Kaka, hayo yalikwisha kwenye kikao cha Pasaka.

[09:12] Kaka Enock: Yalikwisha kwenu.

[09:19] Dada Upendo: Stata inazungusha vizuri, kwa hiyo betri tuiache leo. Sailensi inayopanda na kushuka nadhani ni hewa kwenye njia ya dizeli, na huo ni ugonjwa wa pili. Kabla ya kuwasha kesho, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta: ikiwa laini kisha ikakaza, na gari likawaka kwa urahisi, basi dizeli hurudi kwenye tangi usiku na mipira ikaguliwe yote. Filta nayo itolewe maji yaliyotuama ndani yake. Tafadhali asiwepo wa kugusa skrubu ya sailensi, kwani itaficha tatizo asubuhi na kuacha injini ikinguruma kupita kiasi mchana; kile kitufe cha kuvuta kwenye dashibodi kinatosha mpaka ipate joto.

[11:40] Kaka Enock: Kwa Jumamosi tupulizie ile dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa, tuondoke.

[11:58] Baba Mkubwa: Nimesoma yote. Dawa hiyo ikikutana na plagi yenye moto hulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni. Haitapuliziwa, na moto wa kuni hautawashwa tena chini ya injini hiyo, kwa sababu nyote mnakumbuka Matamba. Gari hilo ndilo lililowasomesha.

[12:47] Kaka Enock: Nimesikia, Baba Mkubwa.

[12:49] Shemeji Tumaini: 🙏

[12:55] Dada Upendo: Asante, Baba Mkubwa. Baraka apime kesho alfajiri, injini ikiwa bado ya baridi. Naomba michango ya plagi leo, na Kaka Enock azinunue huko Njombe.

[15:05] Baraka: Multimita iko kwa fundi redio. Nitaifuata nikitoka kazini, kama hatakuwa amefunga.

[19:48] Shangazi: Ndiyo kwanza nashika simu. Niwaambie vibarua waje Jumamosi au wasije?

[19:51] Dada Upendo: Shikamoo Shangazi. Waambie wasubiri hadi kesho saa 3 asubuhi. Mchango umeingia wa Shemeji peke yake, na Kaka Enock hajajibu kuhusu plagi.