Naomba ushauri: hesabu yangu ya riba haifanani na ya benki

Wakuu, habari zenu. Mwaka jana niliweka 2,000,000 kwenye akaunti ya akiba, riba asilimia 6 kwa mwaka, inaingia kila mwezi na kuzaa tena. Nikagawa 6 kwa 12, nikapata 0.5, kisha nikazidisha salio kwa 1.005 mara kumi na mbili: 2,123,356. Taarifa ya benki inasoma 2,110,714.

Kodi ya zuio ya asilimia 10, ile benki inayokata kwenye riba, naijua, lakini nikiikata yote mwishoni napata 2,111,020. Shilingi 306 si kitu, ila zimeninyima usingizi! Je, wanakata kila mwezi kabla riba haijaungana na mtaji? Na nikianza kuongeza 50,000 kila mwezi, kwenye Excel niiandikeje?