Mwimbaji mkongwe akianzisha bendi mpya, aondoke na nyimbo zake?

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mkongwe wa dansi anapotangaza bendi mpya, ugomvi ni ule ule. Bendi aliyoiacha inasema nyimbo zile ni mali ya bendi, asiziguse. Yeye anasema kazitunga mwenyewe, ataziimba popote atakapopanda jukwaani. Sisi mashabiki tunagawanyika, na mara nyingi tunahukumu kwa mapenzi tu: wa bendi ya Msondo wana lao, wa bendi ya Sikinde wana lao. Naomba safari hii tupimane kwa hoja.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mtunzi aondoke na nyimbo zake, na bendi aliyoiacha iendelee kuzipiga. Nisichokubaliana nacho ni upande mmoja kumkataza mwenzake.

Mchukueni marehemu Muhiddin Maalim Gurumo. Mwaka 1964 yuko NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Mwaka 1978 anatoka na kuwa miongoni mwa walioijenga Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, pamoja na akina Abel Balthazar, Cosmas Chidumule na Michael Enoch. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, anamchukua yeye na wenzake kadhaa wa Mlimani, na mji mzima unaanza kucheza Ndekule, mtindo uliokuwa pia jina la utani la bendi hiyo. Baadaye anarudi Msondo, ile ile NUTA ya zamani, anakaa hapo mpaka anastaafu 2013. Akafariki Aprili 2014.

Sasa niambieni, nyimbo za mtu huyu ni za nani? Mkisema ni za bendi, bendi ipi? Ile ya mwanzo ilikuwa NUTA, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park nayo ilianza chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha ikaenda kwa DDC, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Wamiliki wamepita, vibao vya mlangoni vimebadilishwa, na aliyetunga ni yule yule mmoja. Mimi sioni kwa nini haki ishikwe na jina la shirika lililokwishakufa, huku mtunzi mwenyewe akiwa hai anatafuta pa kuimbia.

Najua jibu la upande wa pili: vyombo vilikuwa vya mwajiri, ukumbi wa mwajiri, mshahara wa mwajiri. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Lakini mshahara ule ulilipia nini? Ulilipia mtu kufika mazoezini, kupiga dansi mwisho wa wiki, kusafiri mikoani. Sijaona mkataba wa enzi zile unaosema kwamba pia ulinunua kichwa cha mtunzi mpaka kaburini. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatenganisha mambo mawili: haki ya mapato, ambayo mtu anaweza kumhamishia mwingine kwa makubaliano, na haki ya mtunzi kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi. Hii ya pili haiendi kwa mwajiri hata kidogo.

Gurumo alipostaafu alisema hadharani kwamba muziki wa miaka yote ile haukumwachia hata baiskeli. Gari alilolipata alizawadiwa na Diamond Platnumz, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Nilifurahi kwa zawadi ile, ila hasira ilinikaa kooni. Mzee aliyeimba nusu karne asingepaswa kusubiri zawadi.

Nawasilisha. Karibuni.

Mdau wa Morogoro:

Mkuu, nakupinga. Hapa kwetu tunao mfano bora kuliko huo. Mbaraka Mwinshehe alikuwa ndiye Morogoro Jazz yenyewe, sauti yake na gitaa lake. Bendi ilikwenda naye mpaka Japani, kwenye maonyesho ya Osaka ya 1970. Alipoondoka 1973 akaanzisha Super Volcano, hakuishi kwa kurudia vya zamani. Alitunga upya, tena kwa wingi, mpaka ajali ya gari ilipomchukua kule Mombasa Januari 1979. Ile miaka sita hivi ndiyo iliyotuachia nyimbo ambazo redio bado zinapiga.

Mkongwe anayeanzisha bendi halafu anapiga zile zile za bendi aliyoihama, bendi yake mpya iko wapi? Ukimruhusu abebe kila kitu, unamfundisha uvivu, na waliobaki kule unawaacha uchi. Wacha akatunge.

Mdau wa Mombasa:

Mnabishania nyimbo, huku kwetu ugomvi ulikuwa hata kwenye jina. Wale ndugu wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walikuja Kenya wakaanzisha Simba Wanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 sehemu kubwa ya bendi ikatoka, akiwemo mpiga ridhimu Omar Shabani, ikawa Les Wanyika. Issa Juma naye akaja na Super Wanyika yake. Watu wakawa wananunua sahani ya Wanyika bila kujua ni Wanyika gani. Mimi naona nyimbo si tatizo kubwa, mwenye sauti yake atajulikana tu. Jina ndilo linalompotosha mnunuzi. Anayeondoka aache jina.

Mdau wa Kinondoni:

Wanangu, mimi nimepiga ridhimu kwenye bendi ambayo sitaitaja. Naomba mnisikilize kidogo, maana mnamzungumzia mwimbaji kana kwamba alikuwa peke yake.

Mtunzi alikuwa anakuja mazoezini na maneno na sauti ya kuimbia. Basi. Pengine beti mbili na kiitikio. Mpiga solo anakaa anatafuta pa kuingilia, anakataliwa, anatafuta tena. Sisi wa ridhimu na besi tunatafuta mwendo. Watu wa tarumbeta na saksafoni wanapanga majibu yao. Halafu inakuja sehemu ya pili, pale wimbo unapochanganya na watu wanaacha viti; pale mwimbaji hana alichotunga, pale ni magitaa. Asubuhi nzima, wiki nzima, wimbo mmoja. Ikifika Redio Tanzania Dar es Salaam kurekodiwa, mtangazaji anasema mtunzi ni fulani. Sisi wengine hatutajwi, na mkanda unabaki redioni.

Kisha fulani anaanzisha bendi yake, anachukua kijana mwingine, anamwambia: piga kama kwenye ule mkanda, usibadilishe kitu. Kijana anapiga vidole vyangu. Mimi napata nini?

Mwanzisha mada:

Shikamoo mzee wangu wa Kinondoni. Umenigusa mahali ambapo sikuwa nimepaweka sawa, na nakubali: maneno na sauti ni vya mtunzi, ila mpangilio wa vyombo una wenyewe wengine. Kwa hiyo nasema hivi. Mkongwe akaimbe wimbo wake, lakini kwa mpangilio mpya. Akiutaka ule wa zamani vile vile ulivyo, awaite waliouunda, awalipe.

Ndugu yangu wa Morogoro, Mbaraka aliweza, na wewe umemsema vizuri. Lakini alipoondoka Morogoro Jazz alikuwa hajafika hata miaka 30. Mtu wa miaka 60 anapoanzisha bendi, watu wanaomlipia kiingilio wanakuja kusikia zile walizochumbiana nazo. Ukimnyang'anya hizo, umemzuia kufanya kazi, na jina zuri la kumhimiza atunge halibadilishi hilo. Na sijaona waliobaki wakiachwa uchi: Sikinde ilibebewa watu 1985, ikaendelea kupiga DDC Kariakoo, na zile nyimbo ikaendelea nazo. Ndekule ndiyo haikumaliza muongo.

Wa Mombasa, kuhusu jina niko nawe.

Mdau wa Kinondoni:

Marahaba mwanangu. Umesema awalipe. Nani atamlipisha? Wengi tuliopiga pamoja wamekwishatangulia.

Mwanzisha mada:

Ndiyo maana ningependa wenye bendi walioko humu watusaidie. Sheria inalinda kazi ya mtunzi miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo familia ya Mbaraka inafika 2029, na ya Gurumo 2064. Muda upo. Kinachokosekana ni karatasi. Siku wimbo unapokamilika mazoezini, kabla mtu hajafunga gitaa lake, waandike pale pale: maneno ya nani, sauti ya nani, solo la nani, nani kapanga tarumbeta, kila mmoja asilimia ngapi. Watie sahihi, nakala moja iende COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kwa bendi zilizoanza mwaka huu ni kazi ya nusu saa. Kwa zile za zamani, waliobaki hai waitwe waseme wanachokumbuka wakati bado wanakumbuka, na mzee wetu wa Kinondoni awe wa kwanza.

Kuna bendi yoyote humu inayofanya hivyo tayari? Mgao mnaupangaje kati ya mwimbaji na wapiga vyombo?