Kadi imeandikwa "?F20, R/O organic". Ndiyo skizofrenia hiyo?

Kaka wa Tabata
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kiume, miaka 23, ana wiki tatu sasa hapati usingizi, anaongea peke yake, anasema majirani wanamsema nyuma ya ukuta. Kituo cha afya wametupa rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Daktari kaandika "?F20, R/O organic", kampa haloperidol 5 mg usiku na Artane, turudi baada ya wiki mbili. Vipimo vyote vya damu ni "negative". Shangazi anasema negative maana yake haumwi, apelekwe kwenye maombi. Binamu kaangalia mtandaoni, anasema F20 ni skizofrenia, yaani mtu wa nafsi mbili, na haitibiki. Tumsikilize nani?

Tabibu_Ilala
Pole kwa kuuguza mkuu. Wote wawili hawajapatia.

Angalia hiyo alama ya kuuliza kabla ya F20. Daktari anashuku, hajathibitisha. F20 ni namba ya skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia au kuamini visivyokuwepo, kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, na kwa orodha hiyo dalili zinatakiwa ziwe zimedumu mwezi mmoja au zaidi. Kijana ana wiki tatu. Hata daktari angetaka kufunga mjadala leo, muda haujatimia. Akitulia mapema inaweza kuishia F23, saikosisi ya ghafla, yaani akili kupoteza uhalisia kwa muda mfupi, na wengi wa hao hupona kabisa. Na skizofrenia siyo nafsi mbili, huo ni ugonjwa mwingine. Hata ikithibitishwa, dawa zipo na watu wanarudi kazini.

R/O maana yake "hakikisha siyo". Watu wengi huisoma kinyume, wakadhani tatizo hilo limekutwa. "Organic" hapo ni ugonjwa wa mwili unaovuruga ubongo: malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, VVU, kaswende, tezi ya shingo, hata bangi na pombe. Negative inasema tu kwamba kilichotafutwa kwenye kipimo kile hakikuonekana. Kipimo cha damu cha kuthibitisha skizofrenia hakipo, si Muhimbili si Ulaya. Daktari anategemea anachokiona na maelezo yenu. Maombi hakuna anayeyakataza, ila dawa isisimame.

Dada wa Wodini
Kwenye hayo maelezo ndipo panapoharibika. Ndugu wanafika na kusema "amechanganyikiwa". Mtaani maana yake mawazo yamemzidi au akili imeruka. Likiandikwa kwenye faili kwa Kiingereza linakuwa "confused", yaani mgonjwa asiyejua yuko wapi wala leo ni siku gani, na hapo daktari ataanza kusaka malaria au homa ya uti wa mgongo. Semeni mlichoona. Anajua yuko Tabata? Anawatambua kwa majina? Hali inabadilikabadilika ndani ya siku moja?

"Presha" nayo hivyo hivyo. Atafungwa mashine mkononi, isome 120/80, mrudishwe nyumbani, kumbe mlitaka kusema moyo unamwenda mbio na anatetemeka.

"Halali" haitoshi kabisa. Andikeni kwenye daftari analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, na asubuhi yukoje. Anayeamka saa tisa usiku akiwa mzito, hataki hata kuoga, huyo anafikiriwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Aliyelala masaa mawili akaamka ana nguvu za kupiga deki nyumba nzima na kupanga biashara tano, huyo anafikiriwa bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupanda zaidi.

Akiulizwa "unasikia sauti?" atajibu hapana, kwa sababu kwake wale ni majirani wa kweli. Mwambieni daktari mlichosikia akikijibu, na kwamba chumbani hakukuwa na mtu. Bebeni dawa zote, za mitishamba pia. Kama anavuta bangi lisemeni waziwazi na lini alivuta mwisho. Daktari siyo polisi.

Kaka wa Tabata
Asanteni sana. Dawa kaanza juzi, na tangu asubuhi shingo inamvuta upande mmoja, macho yanapanda juu. Bibi anasema majini yamekasirika.

Tabibu_Ilala
Mkuu, usisubiri wiki mbili, mpelekeni sasa hivi. Hiyo ni haloperidol inakaza misuli, na mara nyingi hutokea siku za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume. Akishindwa kumeza au kupumua vizuri, ingieni hospitali yoyote iliyo karibu. Kuna sindano, na misuli hulegea ndani ya nusu saa hivi. Dozi ya usiku isubiri mpaka aonwe. Artane anameza kweli? Wengi huiacha wakidhani ni ya usingizi, kumbe imewekwa kuzuia hilo hilo.

Dada wa Wodini
Na mkifika pale msiseme "ana aleji na dawa". Aleji ikishaandikwa kwenye kadi, dawa hiyo itakwepwa kila atakapotibiwa, wakati pengine ilihitaji kupunguzwa dozi tu. Semeni: haloperidol 5 mg, siku ya tatu leo, shingo na macho tangu asubuhi. Pakiti mkononi.