Mjadala: Imani ya Kikristo ni uamuzi au ni hoja?

Mleta mada, Malindi
Tangu msitu wa Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa, uanze kufukuliwa Aprili 2023, hadi miili ikapita 400, mhubiri akisema "usitafute ushahidi, amua tu" watu wanamtazama kwa jicho la pembeni. Mimi bado nasema imani ni uamuzi. Yoshua 24:15: "chagueni hivi leo mtakayemtumikia". Hakuleta uthibitisho wowote. Na Yakobo 2:19 asema mashetani nao huamini na kutetemeka. Hoja wanazo, Mungu hawamtaki. Nipingeni.

Mwalimu wa dini, Gede
Ndugu yangu, umeruka. Soma aya ya 2 hadi ya 13. Yoshua anawahesabia kwanza: Tera ng'ambo ya Mto, Misri, bahari, Yeriko. Wachague baada ya kusikia hayo. Na wanapoitikia mbiombio anawazuia, aya ya 19: "Hamwezi kumtumikia BWANA."

Sasa tazama mkutano wa injili uwanjani. Kinanda kinapigwa polepole, wito, mikono juu, sala ya toba ya kufuatisha neno kwa neno, jina kwenye karatasi, basi. Aya zile za mwanzo ziko wapi? Mkatekumeni Mkatoliki, yaani anayejiandaa kubatizwa, hupokelewa, akafundishwa kwa miezi, akaandikwa jina Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, akaombewa Jumapili ya 3, ya 4 na ya 5. Kwenye Mkesha wa Pasaka ndipo anamkataa Shetani na kuulizwa mara tatu kama anasadiki. "Nasadiki" ni utashi wake kweli, sikatai, ila umekuja mwisho. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, naye aliuweka hivyo: akili inakubali kwa amri ya utashi, na utashi unasukumwa na neema.

Mtu wa majahazi, Lamu
Mwanafalsafa Mwingereza W. K. Clifford alilimaliza hili mwaka 1877. Mwenye chombo anajua ni kikuukuu, kimeshatengenezwa mara nyingi. Badala ya kukipandisha pwani kikaguliwe, ajipa moyo kwamba Mungu atawalinda abiria. Anaamini kwa dhati kabisa, na chombo kinazama. Clifford asema ana hatia, na angekuwa nayo hata chombo kingefika salama, maana hakuwa na haki ya kuamini vile. Hapa kwetu hakuna nahodha asiyejua tofauti ya kuomba dua na kutia kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao.

Mleta mada, Malindi
Alilimaliza wapi, kaka? Mwanafalsafa Mmarekani William James alimjibu mwaka 1896. Uamuzi wa moyo una haki, ila kwa masharti: chaguo liwe hai kwako, lisiepukike, liwe zito, na (hili ndilo watu hulidondosha njiani) ushahidi wenyewe usiweze kulikata. Mwili ukikosa chakula na maji utakufa, hilo limeshakatwa. Kwa hiyo Shakahola haiingii kwenye uamuzi ninaoutetea mimi.

Dada wa Watamu
Na watoto waliofukuliwa kule? Walichagua lini? Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume na imani yake, lakini mtoto wa miaka minne anabebwa mgongoni. Halafu, wanaume, mwaongea kana kwamba uamuzi ni wetu. Yohana 15:16: "Si ninyi mlionichagua mimi."

Mwalimu wa dini, Gede
Dada kasema kweli kuhusu watoto, sina la kuongeza. Nirudi kwa mleta mada. Sharti lako la mwisho linakubana mwenyewe. Ukilitumia kwa ufufuo wa Yesu, itabidi useme ni jambo lisilokatwa na ushahidi, kwa hiyo tuamue. Paulo hakuliona hivyo. 1 Wakorintho 15:6 ataja ndugu zaidi ya 500 waliomwona Yesu kwa pamoja, na kuongeza kwamba wengi wao wangali hai. Hiyo ni kama kumwambia Mkorintho apande chombo akawaulize. Kama kuamua kunatosha, aliwataja wa nini?